Programu Iruhusiwe Kuiuliza Seva
Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za informatiki wa makampuni ya madini na ofisi za mkoa wa Lualaba

Waheshimiwa wakubwa wetu,

Tunaijua kazi yenu. Umeme ukikatika usiku, ni ninyi mnaoamshwa. Orodha ya mishahara ikigoma kufunguka mwisho wa mwezi, ni ninyi mnaoitwa, na lawama zinawafikia kabla ya shukrani. Barua hii haikuandikwa kuwavunjia heshima.

Mimi ni mwandishi wa programu, ninaishi hapa Kolwezi, katika komini ya Manika. Ninafanya kazi na makampuni ya kandarasi yanayohudumia migodi. Tunatengeneza programu za zamu, za magazini, za faktire, za vibali vya kupita langoni na za mzani wa malori, kisha tunazileta zikae kwenye seva zenu. Kila mara tunaomba jambo lilelile: programu yetu iruhusiwe kutumia sehemu ya seva inayothibitisha watumiaji. Na kila mara tunajibiwa vilevile, kwamba sehemu hiyo haiguswi na kila programu ijitengenezee orodha yake ya majina na maneno ya siri. Nimeomba kwa mdomo, nimeomba kwa maandishi, na wenzangu wameomba pia. Leo ninaomba hadharani, kwa sababu madhara ya jibu hilo yamekwisha kutoka nje ya ofisi zenu na kuwafikia watu wasiojua hata seva ni nini.

Ninachosema ni kimoja. Seva iliyokwisha kumtambua mfanyakazi haina sababu ya kukatazwa kuiambia programu kwamba imemtambua. Mnapoificha sehemu hiyo mnadhani mnalinda usalama, kumbe mnausambaza kwenye mikono mingi isiyosimamiwa na mtu. Sababu zangu ni hizi.

1. Seva inajua tayari, ila programu imekatazwa kuuliza

Katika makampuni makubwa ya hapa, mfanyakazi huandikwa mara moja kwenye daftari kuu la watumiaji. Mara nyingi daftari hilo ni Active Directory, iliyokuja na Windows 2000, au daftari jingine linalosomwa kwa LDAP. Seva ya wavuti, iwe Tomcat, Apache au IIS, ina sehemu yake maalumu inayojua njia ya kwenda kwenye daftari hilo, kulihakiki neno la siri, kusoma mtu yumo katika vikundi gani, na kurudi na jibu. Kwenye Tomcat sehemu hiyo huitwa Realm. Ipo JNDIRealm inayosoma LDAP, ipo DataSourceRealm inayosoma hifadhidata, na ipo LockOutRealm inayozifunika nyingine ili kumzuia anayebahatisha: kwa mpangilio wake wa kawaida, mtu akikosea mara 5 jina hilo linafungwa kwa sekunde 300. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na watu wenye ujuzi mkubwa, ikajaribiwa duniani kote kwa miaka mingi.

Programu haihitaji kuliona daftari lenyewe. Ina maswali matatu tu. Huyu ni nani? Ana majukumu gani? Na, pale inapobidi, je, unaweza kumthibitisha sasa hivi? Kwenye Java, swali la kwanza linajibiwa na getUserPrincipal, la pili na isUserInRole. Swali la tatu ndilo lililokosa jibu rasmi kwa muda mrefu. Tulitegemea fomu inayotumwa kwenye j_security_check, na fomu hiyo ilimkataa mtu aliyefungua ukurasa wa kuingilia moja kwa moja bila kwanza kuomba ukurasa uliolindwa. Lakini taabu hiyo ilikwisha Desemba 2009, ilipotoka Servlet 3.0 na amri za login, logout na authenticate. Tangu Tomcat 7, programu inaweza kuikabidhi seva jina na neno la siri, seva ikafanya hukumu yake, na programu ikapokea jibu bila kujua lolote kuhusu daftari.

Nje ya Java mambo ni hayohayo. Apache ikishamthibitisha mtu, jina lake linawekwa kwenye REMOTE_USER, na programu ya PHP inalisoma hapo. Django ina kipande chake cha kulipokea jina hilo tangu 2009. IIS, kwa kutumia Kerberos, inaweza kumwingiza mfanyakazi aliyefungua kompyuta yake asubuhi bila kumwomba aandike kitu kingine. Kwa hiyo hatuwaombi majaribio. Tunaomba mlango uliojengwa zamani, ambao umefungwa kwa desturi ya ofisi tu.

Mlinzi wa lango kuu la mgodi akishaisoma beji ya mtu, hakuna kiongozi anayedai kila karakana iajiri mlinzi wake na kutoa beji zake. Kwenye seva zenu, hivyo ndivyo mnavyotuagiza.

2. Kila programu inageuka ghala la maneno ya siri

Mkituambia tutengeneze orodha yetu, maana yake ni kwamba maneno ya siri ya wafanyakazi wenu yanahamia kwenye jedwali lililotengenezwa na kampuni ya watu wachache, pengine kijana mmoja mwenye mkataba wa miezi michache. Angalieni yaliyowapata wenye uwezo kuliko sisi. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ilivuja maneno ya siri milioni 32, yote yakiwa yamehifadhiwa wazi kama yalivyoandikwa. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn: maneno yalikuwa yamefichwa kwa SHA-1 bila kuchanganywa na chumvi, yaani bila herufi za nasibu za kumtofautisha kila mtumiaji. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 100.

Njia nzuri za kuhifadhi neno la siri zipo. Bcrypt ilitangazwa mwaka 1999, na Argon2 ilishinda shindano la kimataifa mwaka 2015. Zote mbili zimeundwa ziwe nzito kwa makusudi, ili mwizi wa jedwali achoke kabla ya kupata kitu. Hata hivyo, hapa Kolwezi bado ninakutana na programu zinazotumia MD5, ya mwaka 1991, ambayo kadi moja ya michoro huweza kuijaribu mara mabilioni kwa sekunde. Nimekutana pia na zinazohifadhi neno la siri kama lilivyo, ili karani akilisahau asomewe kwa simu.

Sasa tuitazame hatari ilipo hasa. Mfanyakazi mwenye programu tano hatunzi maneno matano ya siri. Anatumia lilelile la daftari kuu, au anayaandika yote kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi. Jedwali letu dogo likiibwa, aliyeiba hapati orodha ya glavu na viatu vya usalama. Anapata funguo za Active Directory yenu. Mlitunyima njia ya kuiuliza seva ili kuilinda, na kwa kutunyima mkaziweka siri zake mahali ambapo hamna macho.

3. Anayeondoka kazini anabaki ndani ya programu

Lualaba inaishi kwa kandarasi. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ndiyo inayosimamia kandarasi ndogo katika sekta binafsi, na kila mwaka mikataba inafunguliwa na kufungwa. Mtu anafanya kazi Fungurume, anahamia Kolwezi, anarudi Likasi. Idara ya wafanyakazi ikimfuta kwenye daftari kuu, hawezi tena kufungua kompyuta wala barua pepe. Lakini jina lake kwenye programu ya magazini linabaki hai, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwarifu mwandishi wa programu, au mwandishi mwenyewe mkataba wake uliisha zamani.

Kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, karani wa magazini aliondoka, na wenzake wakaendelea kuingia kwa jina lake. Hawakuwa na nia mbaya: jina hilo lilikuwa na ruhusa pana kuliko yao, na foleni ya malori haisubiri. Hesabu ya dizeli ilipopungua, jina lililotokea kwenye ripoti lilikuwa la mtu aliyekwisha kuondoka. Aliitwa kujieleza kuhusu mafuta yaliyotoka siku ambazo yeye hakuwapo. Ilimgharimu muda na heshima kuthibitisha jambo ambalo seva ingelithibitisha yenyewe kwa kumkataa mtu yeyote aliyejaribu kuingia kwa jina lililofutwa.

Programu inayoiuliza seva haina tatizo hili. Mtu akifutwa mara moja, milango yote inafungwa siku hiyohiyo. Akipandishwa cheo, kikundi chake kinabadilishwa mahali pamoja na programu zote zinajua.

4. Mlango rasmi ukifungwa, njia za panya zinafunguliwa

Wakubwa wetu, mnajua yanayotokea Kasumbalesa foleni ya mpakani inapokuwa ndefu mno: watu hupita njia za panya. Kwenye seva ni hivyohivyo. Mwandishi wa programu aliyebanwa na tarehe ya mkataba, akinyimwa njia halali, anatafuta nyingine. Nimeziona tatu.

Ya kwanza ni kuingia ndani ya matumbo ya Tomcat, kwenye madarasa ya org.apache.catalina, ili kuishika Realm kwa nguvu. Ili hilo lifanikiwe, programu hupewa alama ya privileged="true", ambayo huifungulia vitu vya ndani vya seva. Tundu lolote kwenye programu hiyo basi ni tundu la seva nzima. Isitoshe, vitu vya ndani hubadilika bila ahadi. Seva ikipandishwa toleo, programu inaanguka. Ikianguka, mnaogopa kupandisha. Na seva inabaki na toleo la kizamani. Desemba 2021, udhaifu wa Log4Shell ulipotangazwa, dunia nzima iliona gharama ya kubaki na vipande vya zamani visivyoweza kubadilishwa haraka.

Ya pili ni mbaya zaidi. Ili kumaliza mabishano, fundi mmoja wa idara anampa mwandishi akaunti ya msimamizi wa daftari kuu, "kwa muda tu". Jina na neno lake la siri vinaandikwa wazi kwenye faili la mipangilio, faili linanakiliwa kwenye flashi, na flashi inazunguka mjini.

Ya tatu ni programu inayomwomba mfanyakazi neno lake la siri la daftari kuu kwa fomu yake yenyewe, ikalitunza pembeni ili isimsumbue tena. Mfanyakazi anadhani anazungumza na kampuni, na kampuni haijui kwamba siri yake imehifadhiwa.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo salama kuliko amri moja ya login iliyoidhinishwa nanyi na inayoandikwa kwenye kumbukumbu zenu. Mkataa mlango rasmi hapati ukuta. Anapata njia asizozijua.

5. Rekodi ya mzani isiyo na mwenyewe

Hapa ndipo jambo la mafundi linapokuwa jambo la mkoa mzima.

Kwa makadirio ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, mwaka 2024 Kongo ilitoa takriban tani 220,000 za kobalti kati ya tani 290,000 zilizochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inatoka kwenye udongo wetu huu, kutoka Tenke na Fungurume hadi Kolwezi. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 mauzo yanaenda kwa mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027, chini ya usimamizi wa ARECOMS, mamlaka ya serikali inayodhibiti masoko ya madini ya kimkakati. Kila kampuni ina fungu lake. Tani moja iliyoandikwa kwa makosa si makosa ya hesabu tu tena. Inagusa sheria ya nchi.

Mstari mmoja kwenye hifadhidata unasema lori fulani lilipita na uzito fulani na kiwango fulani cha kobalti. Nani aliuandika? Nani aliubadilisha saa nane za usiku? Kama programu ya mzani inatumia akaunti moja ya wote, kila zamu ikirithishana neno la siri kwa mdomo, maswali hayo hayana jibu. Mkaguzi atapewa jina la akaunti, wala si la mtu. Anayetaka kuiba tani anaupenda mpangilio huo, na anayefanya kazi kwa uaminifu hana kitu cha kujitetea.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake nambari 2023/1542, umeagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali. Wanunuzi watauliza zaidi madini yalitoka wapi na yalipita mikononi mwa nani. Majibu yatatafutwa kwenye rekodi zilizoanzia hapa, mzanini. Rekodi ambayo haikumthibitisha aliyeiandika haitaaminika huko mbele hata ikipambwa vipi.

Na kuna wachimbaji wadogo. Kwenye madepo yanayonunua madini na kwenye soko la Musompo, malalamiko kuhusu mizani na kuhusu namba zinazosomwa na mashine ya Metorex ya kupima kiwango cha madini ni ya zamani. Mchimbaji aliyetoa gunia lake shimoni hana maabara wala wakili. Ushahidi wake pekee ni namba iliyoandikwa na mtu mwingine. Tukileta kompyuta kwenye biashara hiyo na kila mtu akaandika kwa jina la "depo", tutakuwa tumeupa udanganyifu wa zamani sura ya kisasa. Jina la mpimaji likithibitishwa na seva na kubandikwa kwenye kila kipimo, mchimbaji na koperative yake watajua wamuulize nani.

6. Sababu mnazotupa

Mnasema mnafanya hivyo kwa ajili ya usalama. Nimekwisha kuonyesha siri zinakokwenda. Usalama wa kweli ni kupunguza idadi ya mahali ambapo neno la siri linaguswa, na sisi tunawaomba mtuondoe kwenye idadi hiyo.

Mnasema mtandao hukatika, na daftari kuu liko mbali, pengine nje ya nchi. Hilo ni kweli, lakini si sababu ya kutukatalia. Tangu Windows Server 2008, Active Directory inaweza kuwa na nakala ya kusoma tu katika tawi la mbali. Daftari la LDAP nalo linaweza kuwa na nakala hapa Kolwezi. Laini ikikatika, zamu inaendelea.

Mnasema mlango mmoja ukianguka, vyote vinaanguka. Wasiwasi huu ni wa haki. Kenya ilikusanya huduma zaidi ya 5,000 chini ya tovuti yake ya eCitizen katikati ya mwaka 2023, na mwisho wa Julai mwaka uleule shambulio liliivuruga, wananchi wakakwama. Lakini Kenya haikurudi kutoa akaunti tofauti kwa kila huduma. Dawa ni seva ya pili ya akiba, utaratibu wa kuandika kwa karatasi wakati wa dharura, na kumbukumbu zinazosomwa kila siku. Madaftari mengi dhaifu hayaondoi hatari, yanaigawanya mpaka msiione.

Mnasema programu zetu hazina ubora. Basi zikagueni. Tupeni masharti, tusomeeni msimbo wetu, kataeni unaostahili kukataliwa. Kutukataza kuuliza seva hakuboreshi msimbo. Kunatulazimisha kuandika wenyewe sehemu ile ambayo ni ngumu kuliko zote.

Mnasema gharama. Tomcat, Apache, OpenLDAP na Keycloak ni programu huria zisizolipiwa leseni, na Active Directory mmekwisha kuilipia. Kinachohitajika ni uamuzi na siku za kazi za watu mlionao.

Maombi yetu

Kwa heshima yote, tunaomba haya:

1. Kila idara iandike na kusambaza njia rasmi ambayo programu itaitumia kumthibitisha mtumiaji: kwa Tomcat, kwa Apache na kwa IIS. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Mkandarasi azipate kabla ya kusaini mkataba.

2. Realm isanidiwe na ninyi wenyewe upande wa seva, ikiwa na LockOutRealm, na iongee na daftari kwa njia iliyofichwa ya LDAPS. Akaunti inayosoma daftari iwe ya kusoma tu, kwa tawi linalohusika tu, na neno lake la siri lisitoke mikononi mwenu.

3. Programu ya Java itumie login, authenticate, getUserPrincipal na isUserInRole peke yake. Alama ya privileged="true" ipigwe marufuku kwa programu za wakandarasi.

4. Pale Apache inaposimama mbele na kupeleka jina kwa programu iliyo nyuma yake, programu hiyo isipokee ombi lolote lisilopitia Apache. Vinginevyo mtu yeyote ndani ya mtandao anaweza kujiandikia jina analolipenda.

5. Kwa programu za simu na zile zilizo nje ya mtandao wa mgodi, wekeni huduma moja ya OpenID Connect. Kiwango hicho kimekamilika tangu 2014. Mfanyakazi aandike neno lake la siri kwenye ukurasa wenu, nasi tupokee uthibitisho tu.

6. Kubalianeni majina ya majukumu: karani wa mzani, mpimaji, msimamizi wa zamu, mkaguzi. Yawe yaleyale kwenye programu zote, ili ruhusa zisomeke na mtu asiye fundi.

7. Tupeni seva ya majaribio yenye watumiaji wa kubuni, ili tusijaribie kwa majina ya watu halisi.

8. Wekeni nakala ya daftari ndani ya Kolwezi, na utaratibu wa dharura ulioandikwa.

9. Akaunti za pamoja zifutwe kwanza mzanini, kisha magazini na kwenye mafuta.

10. Katika mikataba mipya, andikeni wazi kwamba programu inayohifadhi maneno ya siri ya wafanyakazi haitapokelewa. Zilizopo zipewe miezi 12 kuhamia kwenye njia rasmi, na baada ya hapo zizimwe.

Kwa ofisi za mkoa ninaongeza neno. Ninyi mna majina ya wananchi, wenye magari, wenye viwanja, wachimbaji wenye kadi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kanuni ya Mambo ya Kidijitali, Amri-Sheria nambari 23/010, inayolinda taarifa binafsi za mtu. Kila jedwali jipya la watumiaji ni mzigo mwingine wa kisheria juu yenu. Kwa mwananchi aliyetoka Mutshatsha au Lubudi kuja kushughulikia karatasi zake, ni neno jingine la siri la kusahau, na safari nyingine ya kuja kuomba libadilishwe.

Ahadi zetu

Nasi waandishi wa programu tuna wajibu. Mkitufungulia njia hiyo, hatutahifadhi neno la siri la mtu yeyote, wala hata kwa muda kwenye faili la kumbukumbu. Tutawakabidhi msimbo ukaguliwe. Tutaacha maelezo yaliyoandikwa, ili mkataba ukiisha kijana mwingine aweze kuendelea. Na mteja wetu akitutaka tupitie njia ya panya, tutamwonyesha ile ya halali na kukataa nyingine. Mwenzetu atakayekiuka, programu yake izimwe, na asitetewe.

Ninawafikiria pia wanafunzi wa informatiki wa Chuo Kikuu cha Kolwezi wanaokuja kufanya mazoezi ya kazi kwenye idara zenu. Wanayoyakuta huko ndiyo watakayoyabeba maisha yao yote. Wakikuta jedwali la MD5 wataandika jedwali la MD5. Wakikuta seva inayoulizwa kwa adabu na kujibu kwa uhakika, watajenga hivyo hata siku watakapokalia viti vyenu.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila idara, hata likiwa la kukataa, mradi litaje sababu, ili tujadiliane kwa hoja. Tuko tayari kuja popote, Dilala au Manika, na kompyuta zetu, na kuwaonyesha programu ya mzani inayoiuliza seva ya Tomcat, ikimkubali karani wa zamu, na ikimkataa aliyefutwa asubuhi hiyo. Kama hamwezi kuanza na yote kumi, anzeni na la tisa, mzanini, mwezi huu. Hapo ndipo jasho la mchimbaji, fungu la kampuni na kodi ya mkoa vinapogeuka kuwa namba, na kila namba inastahili kuwa na jina la kweli la aliyeiandika.

Kwa heshima na kwa matumaini,

Mwandishi wa programu,
Manika, Kolwezi